Asilimia Nane ya Maziwa

Ubao wa Gashe Admasu ulikuwa mlango wa choo cha zamani. Aliung'oa mwenyewe, akausugua kwa majivu, akaupaka rangi nyeusi mara mbili, akauegemeza ukutani sebuleni, mahali pale pale ambapo mkewe Tiruwerk alikuwa ameweka kabati lake la vikombe. Kabati likahamia chumbani. Tiruwerk naye, kila Jumamosi asubuhi, alihamia jiko la nje na kulalamika mpaka adhuhuri.

"Mtu amestaafu kupima barabara ili apumzike," aliyaambia masufuria yake, "sasa ameigeuza nyumba yangu kuwa barabara. Watoto kumi na wanne, viatu ishirini na nane, na matope yote ya mji wa Dessie."

"Ishirini na saba," Gashe Admasu alimjibu kupitia dirishani. "Kimoja cha Yohannis kimebaki matopeni."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia mvua imenyesha siku nzima, atakukumbusha kwamba ilikatika saa nane. Watoto wa mtaa walimwita Gashe, kama anavyoitwa mwanamume mzima ambaye mama yako anaweza kumpa ruhusa ya kukuchapa. Masomo yake ya hesabu yalikuwa ya bure, kwa watoto wa darasa la nane wanaongojea mtihani wa taifa, na aliyeshindwa hesabu katika mtihani ule hakuwa na pa kwenda ila kuuza njugu kituo cha mabasi. Mabenchi aliyaazima kwa chama cha mazishi. Kwa hiyo mtu akifa Ijumaa, Jumamosi watoto walikaa sakafuni, na Tiruwerk alisema hata marehemu wa mtaa huu wamemchoka mumewe.

Mwanzoni walikuja watoto wanne, na wawili kati yao walikuwa wamepotea njia. Cha bure hakiaminiki. Ndipo alipoanza kutoa biskuti, moja kwa kila jibu sahihi, na sebule ikajaa.

Sasa ilikuwa Kwaresima, na Kwaresima yetu Waorthodoksi wa Ethiopia si mchezo: siku hamsini na tano bila nyama, bila yai, bila siagi, bila tone la maziwa. Jumamosi ya tano ya mfungo, Gashe Admasu aliamua kufundisha asilimia. Akaokota karatasi ya pakiti ya biskuti, akaisoma haraka, akaandika kwenye mlango wa choo.

"Unga, asilimia sitini na mbili. Sukari, ishirini na moja. Mafuta ya mimea, tisa. Kilichobaki ni asilimia ngapi?"

"Nane!" alipaza sauti Natnael, mtoto aliyejibu kabla swali halijaisha. Akapewa biskuti, akaitia mdomoni nzima.

"Vizuri sana. Nane ya nini?"

Mapacha wa Yeshi walitazamana. Hayat, binti wa Seid mwenye duka, alikuna sikio. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa kweli, Birtukan akainua mkono polepole.

Birtukan hakuwa ameinua mkono tangu masomo yaanze. Alihesabu kwa vidole chini ya benchi, na vidole vilipokwisha, hesabu nayo ilikwisha. Biskuti hakuwahi kupata hata moja. Alichokuwa akipata ni makaratasi ya pakiti, aliyoyakunjua na kuyasoma huku wenzake wakitafuna, na hilo Gashe Admasu alikuwa ameliona na kuliacha lipite.

"Maziwa, Gashe," alisema Birtukan. "Asilimia nane ni maziwa ya unga. Imeandikwa hapa chini, kwa herufi ndogo."

Taya zote ziligoma. Natnael alikuwa na biskuti nzima mdomoni, na macho yakamtoka pima. Hakuweza kuimeza, maana ni dhambi, wala kuitema, maana kutema chakula ni dhambi nyingine. Akabaki ameijaza mashavuni, machozi yakimtiririka. Ni Hayat peke yake aliyeendelea kutafuna bila wasiwasi. Yeye ni Mwislamu, na Ramadhani ilikuwa imekwisha zamani.

Gashe Admasu alivaa miwani yake ya kusomea. Asilimia nane ilikuwapo, chini ya picha ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mkubwa kuliko jina la biskuti, tena anacheka.

Ndipo alipokumbuka. Siku ile dukani, Seid alijaribu mara tatu kumwambia jambo, na mara tatu yeye akamwinulia mkono amnyamazishe: ngoja, usinivurugie hesabu. Alikuwa anapiga hesabu ni pakiti gani ina biskuti nyingi kwa bei ndogo. Aliipata hiyo pakiti, akatoka dukani kifua mbele.

*

Habari ilifika mwisho wa kichochoro kabla watoto hawajafika makwao. Jumamosi iliyofuata mabenchi yalipangwa, chaki ikawekwa tayari, na akaja Hayat peke yake.

"Wenzako wako wapi?"

"Wamekatazwa, Gashe. Mama Natnael anasema nyumba hii inafungulisha watoto." Hayat akaketi mbele, akachomoa daftari. "Lakini mimi nipo. Na biskuti zipo?"

Alimfundisha kama kawaida, kwa sauti ya kutosha watu kumi na wanne. Tiruwerk alimsikia toka jikoni, na siku ile hakulalamika, jambo lililomtisha mumewe kuliko kitu chochote.

Kwa Tiruwerk mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alasiri alikaanga kahawa, akautoa moshi wake mlangoni kama ilivyo desturi ili majirani wasikie harufu na waje. Akamimina raundi ya kwanza, hakuna mtu. Akatuma mtoto awaite. Mama Natnael alijibu kwamba kichwa kinamuuma. Yeshi, mama wa mapacha, alijibu kwamba miguu inamuuma. Zenebech, mama yake Birtukan, ambaye tangu ahamie mtaa ule hakuwahi kukosa kikombe cha mtu, alijibu kwamba amekwisha kunywa. Tiruwerk akakaa mbele ya birika lililojaa na vikombe sita vitupu, na mwanamke wa Dessie akinywa kahawa peke yake afadhali aolewe na fisi.

Aliyekuja ni Zeyneba, mama yake Hayat, mke wa Seid. Aliingia bila kubisha hodi, akakaa, akanywa vikombe vitatu mfululizo kwa niaba ya mtaa.

"Mwenzangu, usilie," alisema. "Wana aibu, si hasira. Kila mmoja anajiuliza atamwambia nini Abba, padri wenu. Basi mwite Abba mwenyewe hapa. Akiwaita yeye, watakuja tu. Nani atakubali asengenywe na asiwepo kusikia?"

"Na darasa?" aliuliza Gashe Admasu kutoka mlangoni. "Watarudi? Mtihani umekaribia, na hesabu za sehemu, nusu na robo, hawajazigusa. Wakienda kwenye mtihani bila sehemu ni kama kwenda vitani na mwiko."

"Wewe kaa kimya," wanawake wote wawili walimwambia kwa pamoja. "Wewe ndiye uliyenunua ng'ombe."

*

Abba Gebre-Kidan alikuwa baba wa kitubio wa nyumba zote za Kikristo za kichochoro kile. Alikuwa mzee mnene, mwenye kilemba cheupe na sauti ya taratibu, aliyesikia dhambi za watu kwa miaka mingi hata zikawa hazimshangazi ila kumchosha. Alikuja Jumatano, akakalishwa kwenye kiti cha Gashe Admasu. Nyasi mbichi zilitandazwa sakafuni, kahawa ikakaangwa, na wagonjwa wote wa kichwa na miguu walikuwa wamepona. Birtukan alikuja na mama yake, akapewa kazi ya kupitisha sinia la bisi.

Gashe Admasu alieleza kosa lake akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Hakuacha kitu. Alitaja hata bei.

Abba akakuna ndevu. "Hawakujua, nawe hukujua. Lakini kilichoingia kimeingia. Watoto watasujudu Ijumaa Kuu, mara kumi kwa kila biskuti, na jambo litakuwa limekwisha. Kila mama aniambie wake alikula ngapi."

Mama Natnael aliwahi. "Wangu moja tu, Abba. Moja, tena kwa bahati mbaya."

"Nashukuru Mungu," alisema Zenebech haraka. "Birtukan wangu naye ni hivyo hivyo. Alionja tu."

Zeyneba alikuwa amealikwa kama jirani, na kwa kweli hakuhusika. Alipuliza kahawa yake. "Moja? Jumamosi tano, moja? Maskini. Hayat wangu alikula nane."

"Wako anaruhusiwa," alisema Mama Natnael.

"Sisemi kuruhusiwa, dada. Biskuti si ilikuwa ya jibu sahihi? Mimi nilidhani Natnael ndiye bingwa, kumbe jibu moja! Basi mtihani huu tumwombee."

Unaweza kusema ulisikia akina mama wakifikiri. Mama Natnael aliweka kikombe chini.

"Nilisema moja kwa Jumamosi ya kwanza," alisema. "Abba hakuniacha nimalize. Jumla ni saba."

"Sisi tisa," alisema Zenebech.

"Nimesahau zile za jedwali. Kumi!"

"Na mimi nimesahau zile za asubuhi. Kumi na mbili!" Zenebech alikuwa amepiga magoti sasa, shela imemwanguka begani, uso unang'aa. Alikuwa akiuza njugu kituo cha mabasi tangu mumewe amwache, na watu wa kichochoro hawakuwa wamewahi kumuuliza chochote kuhusu mwanawe ila kama anaweza kuwabebea maji. "Kumi na mbili, Abba. Mwandikie. Mia na ishirini atasujudu, tena kwa furaha!"

"Wangu kumi na moja," alisema Yeshi kwa upole, "kila mmoja."

Akina mama wengine nao wakataja za watoto wao, kumi na mbili kwa jumla, na Gashe Admasu akapiga hesabu. Alikuwa amenunua pakiti nne za biskuti kumi na mbili, yaani arobaini na nane. Kumi na tano zilikuwa bado kabatini, amezifungia. Zilizotoka zote ni thelathini na tatu, pamoja na nane za Hayat. Sasa akina mama, pamoja na Zeyneba, walikuwa wamekwisha kufika sitini na nne, na Yohannis hajatajwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona biskuti zilizoliwa zikizizidi biskuti zilizonunuliwa.

Alifumbua mdomo. Tiruwerk alimkanyaga kidole gumba cha mguu, akazungusha kisigino.

Akatazama mlangoni. Birtukan alikuwa amesimama na sinia la bisi, hasogei. Alikuwa anamtazama mama yake, kisha akamtazama Gashe. Hakuwa na uso wa mtu anayeomba aokolewe. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba unyamaze.

"Miaka yote hii," alisema Abba taratibu, "nasikia watu wakizipunguza dhambi zao. Leo ndiyo mara ya kwanza nawasikia wakizinadi." Akamgeukia Gashe Admasu. "Na wewe, mwanangu, uliyewapa, utasujudu mara moja kwa kila biskuti. Wewe ni mtu wa hesabu. Jumla ni ngapi?"

Macho yote ya sebule yakamwangukia. Akisema kweli, kila mama atatoka pale ameumbuliwa mbele ya padri, na mtoto hatakanyaga tena nyumba ile. Akisema uongo, hesabu itakuwa imekosewa kwa makusudi, ndani ya nyumba yake, mbele ya ubao wake mwenyewe.

"Sitini na nne, Abba," alisema. Iliuma kama kung'oa jino.

"Una hakika?"

"Nimejumlisha mwenyewe."

Abba akamtazama kwa muda, akatabasamu ndani ya ndevu. "Basi Jumamosi watoto warudi shuleni kwako. Na biskuti zingoje mpaka Pasaka."

"Na yule Yohannis wangu?" iliuliza sauti ya kujitetea kutoka kwenye kona. "Hamjamhesabu! Wa kwangu si mjinga!"

"Mama," alisema Abba, "ninywe kahawa kwanza."

*

Alimkuta Birtukan nje ya lango, anamsubiri mama yake, ambaye ndani alikuwa anaeleza jinsi akili za mtoto zinavyotoka upande wa mama.

"Nitamwambia Abba kwa siri," alisema Gashe Admasu. "Haiwezekani. Wewe hukula hata moja. Mia na ishirini, unajua ni kiasi gani?"

"Najua, Gashe. Kumi na mbili mara kumi."

Alisema bila vidole. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika sinia. Gashe Admasu aliliona hilo, na kwa sababu ya kuliona alisahau alichotaka kusema.

"Usimwambie," alisema Birtukan. "Umemwona mama alivyofurahi? Wamemmiminia kikombe cha kwanza leo, kabla ya Mama Natnael. Jumamosi nirudi?"

"Urudi."

"Basi nitasujudu. Magoti ni yangu."

Akalirudisha sinia ndani, na yule mzee akabaki langoni amesimama, ameona haya. Kwa Jumamosi tano alikuwa amewapa biskuti waliokwisha kujua, na asiyejua akampa karatasi.

*

Ijumaa Kuu uwanja wa kanisa ulijaa shela nyeupe tangu alfajiri. Alasiri, watu wakiwa na njaa ya kuona nyota, Abba alipita na tawi lake la mzeituni, akamgusa kila mtu mgongoni na kumkumbusha hesabu yake.

Tiruwerk alikuwa amempaka mumewe mafuta magotini, akamnong'oneza kabla hajaenda upande wa wanawake: "Fika thelathini na tatu, ukae. Mungu anajua ulinunua ngapi."

Alianza vizuri. Kufikia ishirini magoti yalikuwa yanalia kama bawaba za ule mlango wa choo. Kufikia thelathini alikuwa amemsamehe kila mtu aliyewahi kumkosea, akiwemo yule ng'ombe. Ya thelathini na tatu alipoinuka, aliona fimbo yake ukutani, na kivuli, na mahali pa kukaa.

Akatazama upande wa pili wa uwanja. Natnael alikuwa amemaliza na amelala chali. Mapacha walikuwa wanagombana nani amebakiza. Birtukan alikuwa bado anashuka na kuinuka, paji la uso limejaa vumbi jekundu, midomo inahesabu. Pembeni yake mama yake, Zenebech, alikuwa ameanza kwa kuhesabu kwa sauti ili watu wasikie. Sasa alikuwa amenyamaza. Alikuwa anamtazama mwanawe kwa uso ambao Gashe Admasu hakuwa ameuona siku ile ya kahawa. Kisha akavuta shela yake, akapiga magoti kando ya binti yake, akashuka naye.

Gashe Admasu akaiacha fimbo ukutani. "Thelathini na nne," alisema, akashuka.

Jumapili ya Pasaka alibebwa kwenda mezani. Mchuzi wa kuku alilishwa na mkewe tonge kwa tonge, huku akiitwa punda wa hesabu, na matonge yenyewe yalikuwa manene kuliko ya mgeni yeyote.

*

Jumamosi baada ya Pasaka, viatu vyote ishirini na nane vilikuwa mlangoni. Gashe Admasu alifundisha sehemu akiwa amekaa kwenye kiti, kwa sababu ya magoti, na kuelekeza ubao kwa fimbo. Mwisho wa somo alifungua kabati, akatoa bati la biskuti.

"Kuanzia leo," alisema, "biskuti ni kwa jibu sahihi, na pia kwa swali. Asiyeelewa akauliza, naye anapata."

"Mimi nina swali," alisema Birtukan. Alikuwa amehamia benchi la pili. "Mtu akilipia kitu na hajakipata, anamdai nani?"

Darasa likageuka. Gashe Admasu akaelewa mara moja, na masikio yakamwaka moto.

"Anamdai muuzaji," alisema. "Birtukan, njoo mbele. Hesabu yako naijua. Ni kumi na mbili."

Akaanza kuzipanga mezani moja moja, mbili, nne, kumi, kumi na mbili, huku Natnael akihesabu naye kwa uchungu. Birtukan alisimama, akazitazama, akatikisa kichwa.

"Umekosea, Gashe."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo Gashe Admasu, isipokuwa mkewe, na mkewe hakumaanisha hesabu.

"Nimekosea wapi?"

"Kumi na tatu. Umesahau ile ya maziwa. Ile nilijibu kweli, na siku ile hukunipa."

Jikoni sufuria lilianguka. Tiruwerk alikuwa anasikiliza. Gashe Admasu alihesabu upya, kwa sauti, mbele ya wote, kama mtu anayetaka kuona mwenyewe. Kisha akaomba radhi, akaongeza moja.

Birtukan akatandika shela yake mezani, akapanga zile kumi na mbili katikati, akafunga fundo vizuri.

"Hizi ni za mama," alisema. "Yeye ndiye aliyezitaja."

Ya kumi na tatu akaila palepale, amesimama mbele ya ubao, polepole, mpaka makombo.